Nakala Zikigoma Kuingia Kwenye Diski ya Nje

Kompyuta ikikuambia kwamba nakala haikukamilika, usiifomati diski ya nje. Naanza na hilo kwa sababu ndilo kosa linaloumiza kuliko yote, na halina dawa. Ujumbe wa kushindwa ukitokea, mtu huilaumu diski moja kwa moja, rafiki humshauri aifute ianze upya, na baada ya dakika mbili nakala zote za miezi iliyopita zimekwenda. Ikija kugundulika kwamba mgonjwa alikuwa kompyuta yenyewe, amebaki na kompyuta inayokaribia kufa na diski tupu.

Wapo wanaofanya kinyume chake. Wanaufunga ujumbe, wanaendelea na kazi, wanajipa moyo kwamba kesho kompyuta itajaribu tena yenyewe. Wiki zinapita, kazi zinaongezeka, na nakala ya mwisho inazidi kuchakaa bila mtu kuitazama. Wote hawa wameuona ujumbe ule kuwa kero, ilhali ni habari njema: kompyuta imesema mapema, faili zikiwa bado zipo. Nitakayoeleza yanawahusu zaidi wenye Windows na diski ya USB, maana ndivyo zilivyo ofisi nyingi ndogo, shule, studio za picha na maduka ya steshenari kwetu. Wenye Mac nitawagusa pale mambo yanapotofautiana.

Kabla ya kutafuta tatizo, okoa vya thamani. Chagua folda ambazo zikipotea leo huwezi kuzipata kwa mtu mwingine: vitabu vya hesabu, tasnifu, alama za wanafunzi, picha za harusi ambazo mteja bado hajakabidhiwa. Zinakili kwa mkono kwenye flashi au diski nyingine, au zipandishe kwenye wingu. Akaunti ya bure ya Google ina GB 15 na ya OneDrive ina GB 5. Kwa video hazifiki popote, lakini hati na majedwali ya miaka kadhaa mara nyingi huenea. Usihangaike kunakili Windows wala programu, hizo zinawekwa upya. Ukishamaliza, unaweza kuchunguza kwa utulivu, na utulivu ndio unaokosekana pale mtu anapobofya kila kitu akijua kwamba kazi yake yote iko hatarini.

Watuhumiwa ni wanne: kompyuta inakotoka data, waya pamoja na umeme unaopita humo, diski inayopokea, na programu inayosimamia kazi. Njia ya haraka ya kuwapunguza ni kuiweka programu kando. Tafuta faili moja kubwa, video ya kama GB 5, uiburute kwa mkono kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye diski ya nje. Ikifika, kisha ukaifungua kutoka kwenye diski hiyo ikacheza hadi mwisho, basi waya, umeme na diski vimefaulu mtihani wa kwanza, na macho yako yageukie programu. Ikikatika njiani, au kompyuta ikadai faili ni kubwa mno, achana na mipangilio ya programu; tatizo liko chini yake. Mtihani huu ni wa dakika chache na huokoa siku nzima ya kubahatisha.

Halafu usome ujumbe wenyewe, wote, pamoja na ile namba inayoanza na 0x. Upige picha kwa simu kabla hujaufunga. Namba hizi si mapambo. 0x8007045D maana yake kompyuta iliamuru kifaa kisome au kiandike, kikashindwa. 0x80070017 husema data iliyosomwa haikulingana na hesabu yake ya ukaguzi, yaani kuna sehemu ya diski imeharibika. 0x80070079 ni kuchoka kusubiri: kifaa hakikujibu kwa muda uliowekwa, na mara nyingi chanzo ni waya au umeme. Programu ya File History, iliyokuja na Windows 8 mwaka 2012, haina desturi ya kupiga kelele, lakini huandika kumbukumbu zake. Fungua Event Viewer, ingia Applications and Services Logs, kisha Microsoft, kisha Windows, kisha FileHistory-Engine. Mara nyingi humo utakuta hata jina la faili iliyogoma.

Nianze na waya na umeme, kwa sababu hapo ndipo penye matatizo mengi yaliyo rahisi kutibika, na ndipo watu wanapotupa diski nzima bila sababu. Diski ndogo za inchi 2.5, zile za kuingia mfukoni, hazina chaja; zinakula umeme wa poti ya kompyuta. Kwa viwango vya USB 2.0, poti inatakiwa kutoa miliampia 500 kwa volti 5. Ya USB 3.0 inatoa miliampia 900. Diski yenye sahani zinazozunguka huhitaji umeme mwingi zaidi pale inapoanza kuzunguka na pale inapoandika mfululizo. Ndiyo maana utaiona inafunguka vizuri, inaonyesha folda zote, inapokea hati ndogo bila shida, kisha nakala ndefu ikifika katikati unasikia mlio wa Windows wa kifaa kuchomolewa, na mara ule wa kuchomekwa, wala hakuna aliyeigusa. Ukisikia milio hiyo miwili, mshuku waya au umeme kabla ya kitu kingine chochote.

Tiba yake ni ya hatua kwa hatua. Iondoe diski kwenye kigawa poti kisicho na umeme wake mwenyewe, uichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta. Kama ni kompyuta ya mezani, tumia poti za nyuma, kwa sababu za mbele zimeunganishwa kwa nyaya za ndani ambazo mara nyingi hulegea. Kama ni laptopu, iwe kwenye chaja. Badilisha waya, tena uchague mfupi. Ule waya wenye kichwa kipana chenye mapengo mawili, unaoingia kwenye diski nyingi za USB 3.0, hulegea haraka kwa wanaosafiri na diski mkobani. Ukiugusa kidogo taa ya diski ikacheza, nunua mwingine leo. Bei yake ni ndogo mno ukiilinganisha na unachokilinda.

Diski kubwa za inchi 3.5 zina chaja zake za ukutani, na kwa wenye kukatikiwa na umeme mara kwa mara zina hatari ya namna yake. Umeme ukikatika, laptopu inaendelea kwa betri kana kwamba hakuna kilichotokea, lakini diski imezimika papo hapo ikiwa katikati ya kuandika. Nakala inavunjika, na wakati mwingine orodha ya faili ndani ya diski inavurugika pia. Diski ya aina hiyo iunganishe kwenye UPS, hata ile ndogo inayodumu dakika kumi tu, maana dakika kumi zinatosha kusimamisha kazi kwa utaratibu. Pale penye jenereta pia, ule mruko wa kubadilisha kutoka umeme wa shirika kwenda jenereta unatosha kuizima diski.

Kuna pia umeme unaokatwa na kompyuta yenyewe. Windows huzipumzisha poti za USB ili kuokoa betri, na laptopu nyingi hulala baada ya nusu saa bila mguso. Mtu anaanzisha nakala saa nne usiku, anakwenda kulala, kompyuta nayo inalala. Ingia kwenye mipangilio ya umeme, uamuru kompyuta isilale ikiwa kwenye chaja, kisha uzime ile iitwayo USB selective suspend.

Usichanganye kukwama na polepole. Waya wa kuchajia simu, hata wenye kichwa kipya cha C, mara nyingi umejengwa kwa USB 2.0 tu. Kwa njia hiyo utapata kama MB 35 kwa sekunde, na GB 500 zitachukua takriban saa nne. Kwa USB 3.0 diski ileile inaweza kufikia MB 110 kwa sekunde, na mzigo uleule ukaisha kwa saa moja na robo hivi. Zikiwa faili ndogo maelfu kwa maelfu, muda unaongezeka sana kwa njia zote mbili. Tazama taa ya diski: ikiwa inapepesa, kazi inaendelea. Iache ifanye kazi.

Sasa afya ya diski. Kila diski ya kisasa hujiandikia kumbukumbu za ugonjwa wake, na programu ya bure kama CrystalDiskInfo huzionyesha. Usipotezwe na wingi wa mistari, tazama minne. Mstari wa 05 unahesabu sehemu zilizoharibika ambazo diski imezihamishia kwenye akiba yake. C5 unahesabu sehemu zinazotiliwa shaka, zilizoshindwa kusomeka na zinazosubiri uamuzi. C6 ni zile ambazo hazikusahihishika kabisa. Yote mitatu inatakiwa iwe sufuri. C5 ikiwa na namba na wiki ijayo namba hiyo imepanda, diski hiyo imeanza safari ya mwisho, hata kama leo inafunguka bila tatizo. Mstari wa C7 ni tofauti: unahesabu data iliyoharibikia njiani kati ya diski na kompyuta. Ukipanda peke yake, kasoro iko zaidi kwenye muunganisho kuliko kwenye sahani.

Zipime zote mbili, diski ya nje na ya ndani. Hapa ndipo ningeomba msomaji atulie, kwa sababu ndilo jambo ambalo watu hulikosa zaidi. Nakala inapofanyika, kompyuta inasoma kila faili, hata zile za miaka mitano iliyopita ambazo hakuna anayezifungua. Kama diski ya ndani ina sehemu zilizooza, huenda hujaziona kwa sababu kazi zako za kila siku haziko pale. Nakala ndiyo inayokwenda kuzigusa. Inafika kwenye faili fulani, inasita, inajaribu tena, inashindwa. Unabadilisha waya, bado. Unanunua diski mpya ya nje, bado inakwamia kwenye faili ileile. Kukwamia mahali palepale kila mara ni ishara nzito: inayokufa ni kompyuta, na kushindwa kwa nakala ni onyo la kwanza ulilopata, pengine la pekee. Katika hali hiyo usirudie nakala kamili mara kumi. Nakili folda muhimu moja moja, ukianza na zisizo na mbadala, uiruke faili inayogoma, na ukishamaliza izime kompyuta hadi diski ya ndani ibadilishwe.

Na ikiwa diski inatoa sauti, tik, tik, tik, kama kidole kinachogonga meza, au inaanza kuzunguka na kusimama, ichomoe. Mafundi wengi wepesi watakimbilia amri ya chkdsk yenye /r. Mimi nasema hapana. Amri hiyo huipitia diski yote sehemu kwa sehemu, na diski iliyochoka inaweza kumalizikia humo; tena kazi yake ni kunyoosha mpangilio wa faili, na katika kunyoosha huko inaweza kukata vipande ambavyo mtaalamu angevirudisha. Diski inayougua hunakiliwa kwanza, nzima, kwenye diski nyingine kwa programu kama ddrescue ya Linux, ambayo huchukua sehemu nzuri kwanza na kurudi kwenye mbovu baadaye. Ukarabati hufanyika kwenye ile nakala. Yale ya kuiweka diski kwenye friza, tafadhali yaache. Inapotoka kwenye baridi hushika unyevu, na kwa joto la Mombasa au Tanga unyevu huo hauchelewi.

Chkdsk ina mahali pake halali. Diski yenye mistari mizuri, isiyo na sauti, iliyochomolewa vibaya au kuzimikiwa na umeme, hutengenezwa vizuri kwa chkdsk E: /f, ukiweka herufi ya diski yako badala ya E. Kwenye Mac kazi hiyo hufanywa na First Aid iliyo ndani ya Disk Utility.

Tukija kwenye fomati, habari ni fupi. Baadhi ya diski na karibu flashi zote za zamani zimefomatiwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili moja inayofika GB 4. Diski ina nafasi tele, lakini kompyuta inasema faili ni kubwa mno. Hakuna siri zaidi ya hiyo. Amri ya convert E: /fs:ntfs huigeuza FAT32 kuwa NTFS bila kufuta kilichomo, ingawa ni busara kutoa vya thamani kwanza. Wenye kuhama kati ya Windows na Mac wajue kwamba Mac husoma NTFS lakini haiandiki humo. ExFAT inakubalika pande zote mbili, ila haina daftari la ndani la kujilinda umeme unapokatika, kwa hiyo mimi nisingeichagua kwa nakala za kudumu. Mwenye mashine mbili ni bora awe na diski mbili.

Nafasi nayo ina mitego yake. Diski ya TB 1 ikionekana GB 931 hujaibiwa. Kiwanda kinahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1,024. Lakini File History, kwa mpangilio wake wa awali, hunakili kila saa na kuhifadhi matoleo ya zamani milele. Mhariri wa video anayebadilisha mradi wa GB 20 mara kadhaa kwa siku ataijaza diski kabla mwezi haujaisha. Ibadilishe ihifadhi hadi nafasi itakapohitajika. Time Machine ya Mac hufuta yenyewe nakala kongwe zaidi, na Apple wanashauri diski ya nje iwe angalau mara mbili ya ujazo wa Mac yenyewe. Ushauri huo unawafaa hata wasio na Mac.

Mtego mwingine ni wa namba 0x80780119. Unatengeneza taswira ya mfumo mzima, diski ya nje ni tupu, na bado Windows inasema hakuna nafasi. Nafasi inayozungumziwa haiko kwenye diski ya nje. Kuna vipande vidogo vilivyofichwa ndani ya kompyuta, vya kuwashia mfumo na kuuokoa, na kila kipande kinachoingizwa kwenye taswira kinatakiwa kuwa na uwazi: MB 50 kikiwa chini ya MB 500, na MB 320 kikiwa kimezidi hapo. Kukipanua ni kazi ya fundi anayejua anachofanya. Kama huna fundi wa namna hiyo, acha taswira ya mfumo na unakili faili zako tu. Hizo ndizo zisizonunulika.

Kuna diski ambazo nafasi yake ni ya uongo. Zinauzwa zikiwa zimeandikwa TB 2, TB 4, hata TB 16, kwa bei ya kuvutia, na ndani mna kadi ndogo ya kumbukumbu iliyodanganywa ijitangaze kuwa kubwa. Inapokea faili, inaonyesha majina yake, lakini baada ya ujazo wake halisi data mpya inaandikwa juu ya ya zamani au inapotea. Nakala inaweza kuripoti mafanikio kabisa. Iwe umenunua Kariakoo, Luthuli au mtandaoni, diski mpya ipime kabla ya kuiamini: H2testw kwa Windows, F3 kwa Linux na Mac. Programu hizi huijaza diski yote kisha huisoma tena zikilinganisha. Kazi hiyo inaweza kuchukua usiku mzima, na ifanyike wakati risiti bado ina nguvu.

Ikiwa waya, umeme na diski vyote vimefaulu, sasa turudi kwa programu. Kisa cha kawaida ni faili iliyofunguliwa. Programu ya hesabu inayoshinda wazi kutwa, barua pepe za Outlook, hifadhidata ya zahanati: vyote hivi hushikilia faili zao na kukataa zisiguswe. Windows ina huduma ya kupiga picha ya muda ili kuzinakili hata zikiwa wazi, lakini huduma hiyo nayo huugua. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika vssadmin list writers, utazame kama kuna iliyoandikwa failed. Mara nyingi kuzima na kuwasha kompyuta upya kunatosha. Kwa hesabu za biashara mimi napendelea njia isiyo na ubishi: funga programu saa ya kufunga ofisi, ndipo nakala ianze.

Wanaotumia robocopy, chombo kizuri kilichomo ndani ya Windows, wajue kwamba kwa mpangilio wake wa awali ikikuta faili isiyosomeka hujaribu tena mara milioni moja, ikisubiri sekunde 30 kila mara. Kwa hesabu hiyo faili moja mbovu ingeikwamisha kwa karibu mwaka mzima. Iongezee /R:1 /W:1, na /LOG ili ikuandikie ilichoshindwa. Na alama ya /MIR uiogope: hufuta kwenye diski ya nje kila kisichokuwepo kwenye kompyuta. Mfanyakazi akifuta folda kwa bahati mbaya mchana, usiku nakala yake nayo inafutwa.

Kazi zilizopangiwa ratiba hushindwa kwa sababu ndogo zinazokera. Jana diski ilikuwa E, leo flashi imetangulia kuchomekwa ikachukua E, diski ikawa F, na programu inaitafuta E bure. Ingia Disk Management, uipe diski ya nakala herufi ya mwishoni mwa alfabeti, kama X, ambayo vifaa vingine havitaigombania. Kwenye laptopu, kazi iliyowekwa kupitia Task Scheduler kwa kawaida haianzi kompyuta ikiwa kwenye betri, na ikikosa saa yake haifidii. Umeme ukikatika saa mbili usiku na nakala imepangwa saa tatu, hakutakuwa na nakala, wala hakutakuwa na ujumbe. Weka alama kwenye chaguo linaloiruhusu kazi iliyokosa muda wake ianze mara inapowezekana.

Ukimya wa namna hiyo unanitisha kuliko ujumbe wowote wa kushindwa. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab, inayotunza kazi za waandishi wa programu duniani kote, alifuta kwa bahati mbaya data ya seva kuu. Wenzake walikimbilia nakala. Walikuwa na njia kadhaa za kuhifadhi, na walipozifungua wakakuta hifadhi ya nakala za kila siku ni tupu: chombo cha kunakili kilikuwa cha toleo la zamani lisilopatana na hifadhidata yao. Kila kilipokuwa kikishindwa kilituma barua pepe ya kuonya, na mfumo wa barua ulikuwa ukizikataa barua hizo. Waliokolewa na nakala ambayo mtu alikuwa ameichukua kwa mkono saa sita kabla. Hata hivyo walipoteza miradi kama 5,000 na akaunti mpya kama 700. Hao ni wataalamu waliobobea, na walieleza yote hadharani. Ofisi yenye kompyuta tatu na katibu mmoja haina sababu ya kujiona salama zaidi.

Kwa hiyo weka siku moja kila mwezi ya kurudisha. Chagua faili tatu: moja ya wiki hii, moja ya mwaka jana, na moja kubwa kuliko zote. Zirudishe kwenye folda mpya, kamwe si juu ya zile za asili, na ikiwezekana kwenye kompyuta nyingine. Zifungue. Picha ionekane, jedwali lihesabu, video icheze. Programu ikisema imefaulu bila wewe kufungua kitu, hujathibitisha lolote. Na tazama tarehe: nakala inayofunguka vizuri lakini ni ya miezi minne iliyopita imekwama mahali. Kama unatumia OneDrive, hakikisha faili unazodhani ziko kwenye kompyuta ziko kweli. Zile zenye alama ya wingu ziko mtandaoni tu, na diski yako ya nje huenda haina hata moja.

Diski yenye kuhifadhi rekodi za wagonjwa au wanafunzi ifungwe kwa BitLocker au njia nyingine ya usimbaji. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, na diski iliyoibiwa ikiwa wazi ni siri za watu zilizoibiwa. Ila ufunguo wa kuokolea wa BitLocker, wenye tarakimu 48, uandikwe kwenye karatasi na kuwekwa mbali na kompyuta. Ufunguo ukihifadhiwa ndani ya kompyuta iliyokufa, nakala nzima imefungiwa nje.

Nakala zikianza kushindwa ghafla huku majina ya faili yakibadilika na kuongezewa viambishi usivyovijua, usichunguze. Chomoa diski ya nje papo hapo, chomoa na intaneti. Hivyo ndivyo virusi vya kudai fidia vinavyofanya kazi, kama vile WannaCry ilivyofanya Mei 2017: husimba kila diski vinayoiona imechomekwa, ya nakala ikiwemo. Usiichomeke tena kwenye kompyuta hiyo kabla haijasafishwa na kuwekewa Windows upya. Ni kwa sababu hii diski ya nakala haipaswi kushinda imechomekwa. Ichomeke, inakili, subiri taa itulie, iondoe kwa utaratibu, uiweke kwenye droo.

Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, ndiye aliyeieneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu za kila kitu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Ofisi ndogo inaweza kuitimiza kwa kompyuta yake, diski mbili za nje zinazopokezana kila Ijumaa na akaunti ya wingu kwa hati muhimu. Diski moja inabaki ofisini, nyingine inalala nyumbani kwa mwenye ofisi. Wezi wakija, au maji ya mvua yakiingia, au moto, hawazipati zote.

Kama una diski moja tu, na imeshaanza kutoa ujumbe wa kushindwa, nunua ya pili wiki hii kabla hujaendelea na uchunguzi wowote. Ile ya zamani usiifute mpaka mpya iwe imejazwa, imepimwa, na umefungua faili zake kwa mkono wako.